Mdoli wa Bi Harusi

Mjomba hakuwahi kumwita kwa jina lake hata siku moja. Tangu alipoolewa katika familia ile, miaka miwili iliyopita, alimwita Bi Harusi, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa. Watu wote pale kwenye banda la ndege wakalidaka, likamganda. Hata mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa ndege, wakati mwingine lilimponyoka, na usiku wake akalala amepewa kisogo.

Kampuni ilikuwa ya mama mkwe. Ndege ilikuwa moja tu, ya injini moja na viti sita, nao waliiita Shangazi kwa sababu ilikuwa kongwe, ina kelele, na asubuhi haiwaki mpaka ibembelezwe. Mama mkwe alikaa ofisini na redio na vitabu vyake. Kaka yake, huyo Mjomba, alikuwa rubani mkuu. Mwanawe alishika spana. Mkamwana wake alikuwa rubani msaidizi, na hapo ndipo palipokuwa na mgogoro, kwa maana leseni alikuwa nayo, saa za kuruka alikuwa amezitimiza, kilichobaki kilikuwa saini moja tu. Bila saini ya rubani mkuu kwenye kitabu chake cha safari, asingeruhusiwa kumrusha Shangazi peke yake. Mjomba alikuwa ameikalia saini hiyo miezi minne, na kila akiulizwa alijibu kwamba mtoto hafundishwi kutembea kwa kusukumwa.

Ugomvi wa mdoli ulianza pale chombo kimoja kilipoharibika. Shangazi alikuwa na dira mbili: ile ya kawaida, ya sumaku, iliyoning'inia juu ya dashibodi ikielea kwenye kimiminika chake, na nyingine ya kuzunguka kwa nguvu ya injini. Hiyo ya pili ilikufa. Fundi akaing'oa, akaipeleka kutengenezwa mbali, akaliziba tundu lake kwa kipande cha bati. Mama mkwe akasema kwamba mpaka irudi, inunuliwe GPS ndogo ya kubebwa mkononi, na Bi Harusi ndiye akaichague, kwa kuwa ndiye aliyesoma mambo hayo chuoni.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Alisema amevuka nchi hii kwa penseli, saa ya mkononi na dira kabla mama yake Bi Harusi hajavunja ungo, na kwamba kama siku hizi marubani wanahitaji mdoli wa kuwashika mkono, basi wanunuliwe na chupa ya maziwa.

Bi Harusi hakuwa mtu wa kujibu. Maneno yalimjia baadaye, akiwa jikoni peke yake. Alienda dukani na mumewe, wakatumia asubuhi nzima. Muuzaji aliwaletea kwanza ile ya magari, inayoongea, akaisifia sauti yake. Bi Harusi akamwambia kwa upole kwamba huko juu hakuna kona ya kulia baada ya kituo cha mafuta. Kila kifaa alichopewa alikitoa nje, akakiinua juani, kwa sababu kioo kinachong'aa vizuri dukani huwa cheusi tii mbele ya jua la mawinguni. Vya kugusa kioo akavikataa, maana ndege ikirushwarushwa na upepo kidole kinagusa kisichotakiwa. Akataka chenye vitufe. Akakataa pia vyenye betri ya ndani ambayo ikiisha imeisha, akachagua kinachotumia betri mbili za kawaida, za kununua popote.

Kisha akatoa mkobani dira ndogo ya plastiki. Aliiweka juu ya kaunta, akawa anakisogeza kila kifaa karibu nayo na kukiondoa, huku macho yake yameganda kwenye ule mshale. Muuzaji akamuuliza Fundi kama mkewe ni mganga. Kifaa chenyewe hakikuusogeza mshale hata kidogo. Lakini kishikio chake, cha kunasa kwenye chuma kwa sumaku, kiliuzungusha kama feni. Bi Harusi akakirudisha, akachukua kile cha kunyonya kioo.

Hivyo ndivyo GPS ilivyoingia ndani ya Shangazi. Ilikaa pembeni chini kabisa ya kioo cha mbele, upande wa kushoto, mahali ambapo iliona anga bila kumziba rubani. Viwanja vyao vidogo havikuwa kwenye kumbukumbu yake, na Mjomba alikataa kutoa daftari lake la viwanja. Alisema daftari haliazimwi, sawa na mswaki. Basi kila walipotua mahali, Bi Harusi alishuka, akasimama katikati ya kiwanja kwenye nyasi, akabonyeza kitufe, akaandika jina. Mjomba alimngojea chini ya bawa akiwaambia watu kwamba mke wa mpwa wake anapiga picha za harusi.

Wiki ya kwanza tu, dira ikaanza kupotoka.

Haikupotoka kila safari. Wangekwenda vizuri, kisha ghafla dira inasema hivi na GPS inasema vile. Katika kampuni ile kulikuwa na desturi aliyoiweka Mjomba mwenyewe: hewani hakuna kubishana, inafuatwa dira, kubishana ni ardhini. Mara tatu wakaifuata dira, na mara tatu wakatokea mahali ambapo hapakuwa na kiwanja, wakaanza kutafuta mto wa kuwaonyesha walipo. Mjomba akashika msimamo mmoja: mdoli unaivuta dira. Fundi aliipima dira ardhini, GPS ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, akaizungusha ndege nzima kwenye duara lililochorwa sakafuni, akaikuta nzima. Mjomba akamwambia mbele ya wabeba mizigo kwamba fundi asiyeona ubovu ndiye ubovu wenyewe. Kisha akaandika kwenye kitabu cha hitilafu, mara tatu, kwa wino: *Dira inavutwa. Fundi hakuirekebisha ipasavyo.* Mkaguzi wa leseni za mafundi alitarajiwa mwisho wa mwezi, na kitabu hicho ndicho cha kwanza ambacho angekifungua.

Nyumbani Fundi aliacha kula vizuri. Bi Harusi alimwona akikaa na ile dira ndogo ya plastiki mezani, akiitazama tu.

Alhamisi, Mjomba alitangaza kwamba leo ndiyo siku ya saini. Walikuwa na safari ya kila wiki kwenda Kwa Mabati, kiwanja kimoja chenye banda la bati na zahanati jirani, dakika hamsini kuelekea kaskazini. Mzigo ulikuwa katoni za maji ya dripu. Bi Harusi angerusha kutoka kiti cha kushoto. Mjomba angekaa kulia na kumtazama. Sharti lilikuwa moja.

"Toa betri," alisema.

Alizitoa. Mjomba akazipokea, akazitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Kisha akavua kofia yake akaifunika ile GPS, kama mtu anayefunika maiti.

"Leo dira haina wa kuivuta," alisema. "Ukifika, nasaini. Usipofika, kitabu chako nakichana, na mumeo atajua kumbe mbovu alikuwa yeye."

Fundi alikuwa amesimama karibu na bawa, akasikia. Alifunga mlango wa mkewe, akaupiga kofi mara mbili, kama alivyofanya kila safari.

Waliruka saa mbili asubuhi. Ulikuwa msimu wa kuchoma mashamba, na kufikia futi elfu tatu moshi ulikuwa umeifuta ardhi. Chini palionekana kijivu, mbele palionekana kijivu, na jua lilikuwa sahani nyekundu isiyokuwa na miale. Bi Harusi aliishika dira kwenye sifuri, kaskazini kabisa. Dakika ya kumi na mbili Mjomba akafungua mkoba wake, akatoa miwani.

Ilikuwa miwani ya jua, mipya. Alikuwa ameanza kuivaa mwezi ule, na siku ya kwanza Fundi alimtania kwamba amekuwa mwimbaji, akajibiwa aangalie nati zake. Mjomba aliivaa, akalitupa kasha lake juu ya dashibodi katikati, akaifungua ramani na kuitandika juu yake. Kabla hajaivaa alikuwa akiitazama ramani kwa kuinyoosha mikono mpaka mwisho. Sasa aliiinamia, akaisoma kwa karibu. Bi Harusi aliliona hilo, likapita.

Sindano ikahama kidogo. Akaigeuza ndege taratibu mpaka dira ikasema sifuri tena.

"Unaikokota," Mjomba alisema. "Mkono kama unakanda unga."

Dakika zikaenda. Mjomba alimwambia, bila kumtazama, kwamba wanawake wengine wameolewa wakatulia. Kwamba dada yake ana huruma ya kijinga. Kwamba mpwa wake alikuwa fundi mzuri mpaka alipopata wa kumpigia darasa nyumbani. Aliyasema polepole kwenye hedifoni, moja moja, na hakukuwa na mahali pa kukimbilia, maana sauti ilikuwa ndani ya masikio. Bi Harusi aliitazama dira. Akaitazama tena. Na ndipo alipoona kwamba jua liko kwenye ramani.

Safari hii alikuwa ameifanya Alhamisi ishirini na kitu, saa ileile. Siku zote jua lilimpiga Mjomba kwenye sikio la kulia na bega, na ramani iliyokuwa mbele yake ilikaa kivulini. Leo ile rangi nyekundu ilikuwa imelala juu ya karatasi, imefika mpaka kwenye vidole vyake.

"Mjomba, jua liko kwenye ramani."

"Ulitaka liwe wapi, mkobani mwako?"

"Siku zote linakuwa begani kwako. Tumegeukia mashariki."

"Dira inasema nini?"

"Sifuri."

"Basi."

Mashariki kulikuwa na vilima. Havikuwa vingi, lakini kimoja kilikuwa kirefu kuliko wao. Bi Harusi aliukumbuka mchoro wake kwenye kioo cha GPS, alama ndogo aliyoiweka mwenyewe, ambayo sasa ilikuwa imelala chini ya kofia bila betri. Dira ilikuwa peke yake. Hakukuwa na mdoli. Basi ni nini kilichoivuta?

Akayatazama yote yaliyokuwa karibu nayo: kadi ya masahihisho ya dira aliyoiandika Fundi, kioo, ukingo wa ramani, na chini ya ramani, uvimbe wa lile kasha. Akalisikia kichwani likijifunga. Mjomba hakuwa akilibana kasha lile. Aliliachia tu kifuniko, nalo lilijifunga lenyewe, *kap*. Akakiona kile kishikio cha dukani kikiuzungusha mshale kama feni.

Aliutoa mkono mmoja kwenye usukani, akaupitisha chini ya ramani, akalitoa kasha na kuliweka mapajani.

Dira ikajitikisa ndani ya maji yake. Ikazunguka polepole, ikasimama kwenye ishirini na mbili.

Akalirudisha. Dira ikarudi sifuri. Akaliondoa tena. Hakufanya hivyo kwa ukatili, alitaka tu awe na hakika, lakini kwa mtu aliyekaa kulia ilikuwa ni kuzabwa kibao mara mbili. Mjomba hakusogea. Miwani ilikuwa imemteremka puani, na juu yake macho yake yalikuwa madogo na yamechoka.

Bi Harusi hakungoja neno. Akailaza ndege kushoto, akapanda huku akigeuka, mbali na upande wa vilima, na alipokwisha kuinyoosha akanyoosha kiganja.

"Nipe betri, Mjomba."

Kifungo cha mfuko kilimsumbua Mjomba. Alizitoa, akazitia mkononi mwake moja, kisha nyingine, na kofia akaivuta mwenyewe. GPS iliwaka, ikaanza kutafuta setilaiti zake, na muda wote huo, dakika nzima na zaidi, walisikiliza injini. Kisha ramani ikatokea. Walikuwa maili nane nje ya mstari wao. Alama ya kile kilima kirefu ilikuwa nyuma ya bawa la kulia, maili tatu. Kwa mwendo wao hizo zilikuwa dakika mbili.

Bi Harusi akaurudia mstari wake, akaufuata mpaka Kwa Mabati.

Mhudumu wa zahanati alipokuwa akizibeba katoni kwenda kwenye banda, Mjomba alimwita Bi Harusi chini ya bawa. Alimwambia kwamba ile miwani ni ya daktari wa macho, imetiwa rangi tu ili watu wasijue. Hakuitaja kwa wanaompima afya ya leseni. Wangemwambia akae chini mpaka wampime upya, na katika umri wake mtu akikaa chini hainuki. Kisha sauti yake ikarudi ileile ya siku zote.

"Kitabu chako kiko wapi? Nasaini hapahapa. Na wewe hukuona kasha lolote."

"Na dira?"

"Dira itapona yenyewe. Kasha litakaa nyumbani."

"Na uliyoyaandika kuhusu mume wangu?"

"Wino haufutiki," Mjomba alisema. "Atatafuta kazi kwingine. Mikono yake mizuri, hatakosa."

Bi Harusi alikuwa na kitabu mkononi. Ukurasa ulikuwa umefunguliwa mahali pa saini, penye mstari mtupu alioutazama miezi minne. Alihisi machozi yakimjia, akachukia kwamba yanakuja mbele ya mtu huyu. Akakifunga kitabu.

"Sitaandika jina lako," alisema. "Lakini nitaandika kilichoivuta dira."

"Basi hutarusha hata tiara," Mjomba akasema, akampa mgongo.

Wakati wa kurudi kasha lilisafiri nyuma kabisa, ndani ya katoni tupu. Bi Harusi aliisoma GPS, akailinganisha na dira, na vyote viwili vikakubaliana njia nzima kama ndugu waliopatana. Mjomba alitazama nje dirishani upande wake, ambako hakukuwa na kitu cha kuonekana.

Bi Harusi alipotua alikwenda moja kwa moja ofisini, akafungua kitabu cha hitilafu chini ya yale maandishi matatu, akaandika: *Dira ni nzima. Kasha la miwani lenye sumaku liliwekwa chini yake, likaivuta digrii ishirini na mbili. Likiondolewa, dira inarudi. Marekebisho ya fundi hayana kasoro.* Akatia saini yake, akaacha nafasi ya pili, ya rubani mkuu.

Mama mkwe alikisoma kitabu kile kila siku kabla ya kufunga ofisi. Siku hiyo alikisoma mara mbili. Fundi alikuwa mlangoni akijifuta mikono kwa kitambaa. Mjomba alikuwa amekaa, kofia gotini.

"Miwani ya nani?" mama mkwe akauliza.

Bi Harusi alitazama sakafu. Mama mkwe akakisukuma kitabu mezani mpaka kwa kaka yake, akamwambia panatakiwa saini yake. Mjomba akakishika. Akaunyoosha mkono, akaunyoosha zaidi, kichwa kikarudi nyuma.

"Kaka," dada yake akasema, "vaa miwani yako usome. Utavunja shingo."

Ilimchukua muda. Kisha akaitoa mfukoni, bila kasha, akaivaa mbele yao wote watatu, akasoma, akasaini. Fundi aliendelea kuifuta mikono iliyokuwa imekwisha kuwa safi.

Mama mkwe hakumaliza. Alimwambia kesho ataenda kwa daktari wa leseni na miwani yake usoni, na mpaka daktari aandike, hatapanda ndege hiyo hata kama abiria. Halafu akauliza nani atapeleka mzigo wa kesho. Mjomba akasema aajiri mtu. Mama mkwe akasema, "Mtu ninaye, amekaa pale anaangalia sakafu yangu kana kwamba sijaifagia."

"Sikulazimishi. Nakuuliza neno moja. Leo asubuhi, mkono wake ulikuwaje?" akamuuliza kaka yake.

Mjomba aliigeuzageuza kofia gotini. Pua yake ilikuwa imepanuka.

"Mkono hauna neno," alisema mwishowe. "Mdomo ndio."

Akanyoosha kiganja bila kumtazama Bi Harusi, kama alivyonyooshewa kule juu. Akapewa kitabu. Alikandamiza kalamu kwa nguvu hata saini ikaacha alama kwenye kurasa tatu za chini.

"Sijakusamehe," akamwambia.

"Najua, Mjomba."

Alichukua kofia akaondoka. Bi Harusi alidhani angefurahi. Alikwenda kusimama nyuma ya banda, akalia kidogo, hakujua hasa kwa ajili ya nani, kisha akaenda kumsaidia mumewe kumfunika Shangazi.

Asubuhi yake, alipofungua mlango wa ndege akiwa peke yake kwa mara ya kwanza, alikuta ramani juu ya kiti cha kushoto. Mstari wa penseli ulikuwa umechorwa kutoka nyumbani mpaka kiwanja cha siku hiyo, umenyooka, na pembeni yake zimeandikwa digrii na dakika. Chini kabisa, kwa herufi kubwa za mtu asiyeiamini miwani yake bado, paliandikwa: *Betri zikifa, usinipigie simu.*

Akawasha GPS, akaulinganisha mstari. Tofauti ilikuwa digrii moja. Akaibana ramani kwenye paja, akahesabu betri za akiba, akaanza kumbembeleza Shangazi.